Kutafuta tiba ya akili: dhana potofu na ukweli

Dhana: Anayekwenda kwa daktari wa akili ni kichaa, na mwisho wake ni kulazwa.

Ukweli: Nchini Tanzania jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanzishwa Dodoma mwaka 1927, limegeuzwa tusi la mitaani, kama lilivyogeuzwa la Mathari jijini Nairobi, na kwa maoni yangu tusi hilo limewarudisha nyumbani watu wengi kuliko ukosefu wa nauli. Walio wengi wanaotibiwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, au wasiwasi uliokithiri hawalazwi kabisa. Mgonjwa huketi mbele ya daktari kama mgonjwa mwingine yeyote wa nje, akaulizwa anavyolala, anavyokula, kama bado anafurahia mambo aliyokuwa akiyapenda, na kama hali hiyo imedumu wiki mbili au zaidi. Wakati mwingine hupimwa damu, kwa kuwa upungufu wa damu au hitilafu ya tezi ya shingoni humnyong'onyeza mtu vivyo hivyo. Kisha hupewa tarehe ya kurudi kliniki, akaenda zake nyumbani.

Dhana: Ni mapepo, au amerogwa, hospitali haitamfaa.

Ukweli: Hakuna sababu ya kumlazimisha mtu achague kati ya dua na dawa, maana wapo wengi wanaoombewa Ijumaa au Jumapili na kuhudhuria kliniki katikati ya wiki. Madhara huanza pale anapofungwa minyororo, anaposhindishwa njaa au anapoamriwa kuacha dawa ghafla ili pepo atoke.

Dhana: Dawa hizo ukizianza huziachi.

Ukweli: Dawa za sonona kama fluoksetini hazileti uraibu. Shida yake ni kwamba nafuu huja baada ya wiki kadhaa, ilhali kichefuchefu na maudhi mengine madogo hutangulia, kwa hiyo wengi huziacha mapema wakiamini kuwa zimewazidishia ugonjwa. Aliyepata nafuu kwa kawaida huendelea nazo kwa angalau miezi sita, kisha daktari humpunguzia dozi polepole. Wala si kila mgonjwa anayehitaji vidonge. Nchini Zimbabwe, mradi wa Friendship Bench, ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006, huwafunza akina bibi wa mtaani kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kulichambua tatizo moja hadi lipatiwe hatua ya kuchukua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliopitia benchi hilo walipungukiwa na dalili zaidi ya waliopata huduma ya kawaida.

Dhana: Kumwuliza mtu kama anafikiria kujiua ni kumtia wazo hilo kichwani.

Ukweli: Swali hilo, likiulizwa kwa upole na bila kuzungukazunguka, halimpi mtu wazo jipya, mara nyingi humtua mzigo. Kilichowafumba wengi midomo ni aibu na, kwa miaka mingi nchini Kenya, sheria, kwani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kililifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Ni rahisi kuelewa kwa nini familia ingesema mapokezi kwamba ilikuwa ajali tu. Anayejibu ndiyo asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na daktari aelezwe jambo lenyewe lilivyo.