Teke la pawa so ni nini, na kwa nini hata ya stima inapiga

Hapa kwetu Njoro mtu akisema pawa so, yaani msumeno wa mota unaokata kwa cheni, imempiga teke fulani, kila mtu anaelewa kuna mtu ameumia, lakini ukiuliza teke lenyewe linatoka wapi utaambiwa ni bahati mbaya, ama mti ulikua na fundo, ama jamaa hakua na nguvu ya kushika mashine. Mimi nakata kuni za kuuza, saipras na mikaratusi mingi, na siku hizi natumia ya stima kwa sababu yadi iko nyuma ya nyumba tu na petroli inakula faida yote. Nataka kueleza hili neno polepole kwa sababu siku nanunua hii ya stima niliambiwa dukani hivi, hii haina shida, hii hairushi, ni kama drili tu. Nikaamini. Si kweli, inarusha, na inarusha kwa njia ileile kabisa ya petroli.

Teke ni hivi. Chukua pawa so ikiwa plagi imechomolewa, itazame kwa upande, pua ya baa ikielekea mkono wako wa kulia. Baa ni ule ubapa mrefu wa chuma cheni inauzunguka. Cheni inatoka kwa mota, inapita juu ya baa ikienda mbele, inazunguka pua, alafu inarudi kwa chini ikija upande wa mota. Ukikata na upande wa chini, ndo kawaida yetu, meno yanaushika mti na mashine inajivuta yenyewe mbele mpaka zile meno kubwa za chuma za mbele ya mota zinashika gogo. Ukikata na upande wa juu, mashine inakusukuma nyuma. Hizo mbili mikono inazisikia na mwili unazizoea, siku mbili tatu umeshajua.

Sasa pua. Fikiria hio pua ni uso wa saa. Kuanzia pale mshale mfupi unasimama saa sita mchana, juu kabisa, mpaka pale unasimama saa tisa, mbele kabisa, hio robo ya juu, hapo ndo teke linakaa. Jino likigusa mti na hio sehemu halichukui kipande kidogo kidogo kama kawaida, linaingia mzima kama jembe limepata mzizi, linakwama. Cheni imekwama lakini mota haijui, bado inasukuma, na ile nguvu yote iliyokua inakimbiza cheni mbele na chini inarudi kwa mashine kinyume chake, kwa hivyo pua inaruka juu na kurudi nyuma. Nyuma ni wapi? Ni uso wako, shingo, bega la kushoto. Ndo maana makovu ya pawa so mengi unayaona huko.

Na usifikirie utawahi kulizuia kwa kushtuka. Pawa so nyingi za stima cheni inakimbia kama mita 12 hadi 15 kwa sekunde, mita 15 kwa sekunde ni kilomita 54 kwa saa, mwendo wa matatu ikitoka stejini ikishika barabara. Teke zima linaisha ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde hivi, na binadamu mzima mwenye afya anahitaji karibu mara mbili ya hapo ndo mkono uanze tu kusonga. Kwa hivyo mtu akikuambia yeye ana nguvu ataishika, hajaelewa, hakuna muda wa nguvu.

Kuna teke lingine dada yake hili, la kubanwa. Gogo likiwa limelala juu ya vitu viwili, huku na huku, katikati hewa, upande wa juu wa gogo umejibana na wa chini umejivuta. Ukikata moja kwa moja kutoka juu mpaka chini, mkato unafunga, mti unauma sehemu ya juu ya baa, na mashine inatupwa nyuma kwako kama imesukumwa na ng'ombe. Hapo unakata juu kama theluthi moja, unatoa baa, unamalizia kutoka chini. Gogo likiwa limeshikiliwa upande mmoja tu na kichwa kinaning'inia ni kinyume, unaanza theluthi ya chini alafu unamalizia juu. Mimi kabla ya kuwasha huwa nasimama naliangalia gogo kwanza, najiuliza litaanguka vipi nikiligawa, ni sekunde kumi tu.

Kilichonifanya nijue haya yote vizuri ni mwaka juzi. Nilikua na rundo la saipras, magogo yamelaliana, nikawa nakata moja na sikutazama nyuma yake kuna lingine. Baa ilipomaliza mkato pua ikatokea upande wa pili ikagusa lile la nyuma, kuguswa tu, kama kubisha mlango. Sikuona kitu. Nilisikia "tak" ya breki, alafu kitu cha pili nikaona ukingo wa kofia yangu uko chini kwa vumbi, umekatwa, na mimi nimesimama pale nimeshika mashine imenyamaza, baa iko mbele ya paji la uso. Mke wangu alikua anaanika nguo hatua chache kutoka pale na hakujua kitu kimetokea, ya stima haina kelele nyingi. Niliketi kwa gogo nusu saa hivi. Ile breki ndo ilinibakisha, na siku mbili kabla ya hapo ndo nilikua nimefungua kifuniko cha pembeni nikatoa unga wa mbao na oili iliyoganda karibu ujae kiganja, uchafu ambao ungeweza kuikwamisha. Nikikumbuka hio tu bado mikono inatoka jasho.

Hio breki ni ile kinga imesimama mbele ya mshiko wa mbele, watu wengi wanadhani ni ya kuzuia matawi. Ukiisukuma mbele inakata mota na kusimamisha cheni, ukiivuta kwako inaachilia. Teke likija ama kifundo cha mkono wa kushoto kinaigonga ama ule mtikisiko wenyewe unaiangusha mbele. Ilianza kuwekwa kwa pawa so miaka ya mwanzo ya 1970, yaani watu walikata miti miongo mingi bila hio, pawa so ya kwanza ya stima ya Andreas Stihl kule Ujerumani ni ya 1926 na ilikua inabebwa na watu wawili. Sasa wewe unayo, lakini itafanya kazi tu kama mkono wa kushoto uko mahali pake, kidole gumba kimezunguka mshiko kutoka chini, si kimelazwa juu pamoja na vingine. Mkono wa kulia nyuma, wa kushoto mbele, mikono yote miwili kila wakati. Simama kidogo upande wa kushoto wa mashine, mstari wa baa usipitie kwa kichwa chako, na usikate kitu kimepita bega lako. Kwa ngazi usikate kabisa, hapo sina mjadala.

Kwa nini basi watu wanasema ya stima haipigi teke? Naona ni kwa sababu ya ukimya. Ya petroli inanguruma hata ikiwa haikati kwa hivyo unaiheshimu, ya stima ikinyamaza inakaa kama imelala na watu wanaishika na malapa, mkono mmoja, mtoto amesimama hapo anaangalia. Lakini ukibonyeza swichi mota inatoa nguvu yake yote papo hapo, na ukiachilia cheni saa zingine inaendelea kuzunguka kidogo kabla ya kusimama. Alafu kuna hii ya kushika cheni kuikaza wakati plagi iko kwa soketi. Hapana jamani. Plagi ichomolewe ikae mahali unaiona, kama ni ya betri toa betri, si kuzima swichi tu. Viatu vigumu ama gambuti nzito, miwani, glavu. Zile suruali za kukinga zinazojaza nyuzi kwa cheni ni nzuri, lakini ya stima inavuta kwa nguvu sana hata mwendo ukishuka kwa hivyo zisikupe kiburi.

Sasa matengenezo, na mimi siyatenganishi na teke hata kidogo. Cheni butu unailazimisha, unaegemea, na ukiegemea mti ukiisha ghafla pua inaenda mahali hukupanga. Angalia kinachotoka, ikiwa ni vipande kama maganda basi inakata, ikiwa ni unga kama wa posho basi inasugua, simama unoe. Cheni nyingi za hizi mashine za nyumbani zinanolewa na tupa ya duara ya milimita 4, pembe ya digrii 30, unasukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, hurudishi kama msumeno, na kila jino mapigo sawa. Nikipiga matatu hili napiga matatu lile, ukizidisha upande mmoja mkato utapinda.

Mbele ya kila jino kuna kijino butu kifupi, na hiki ndo watu wanaharibu. Kazi yake ni kuamua jino lichukue kipande kinene kiasi gani, kinatakiwa kuwa chini ya jino kwa kama milimita 0.65 tu. Kuna fundi mmoja wa kunoa huku tao alizichapa zote chini na grainda ati cheni ikate haraka, na kweli ilikata haraka, lakini mashine ikawa inaruka ruka mkononi kama mbuzi amefungwa, kwa sababu kila jino lilikua linataka kipande kikubwa kuliko mota inaweza kung'oa. Hio ni kuongeza teke kwa mkono wako mwenyewe. Nilitupa ile cheni.

Kukaza ni rahisi. Cheni ikiwa baridi, ivute katikati ya baa, iinuke kidogo lakini zile ndimi za ndani zisitoke kwa mfereji, ukiachilia irudi "tak", na uweze kuizungusha kwa mkono ukiwa na glavu. Cheni mpya inalegea haraka kwa hivyo iangalie mara nyingi siku ya kwanza. Na kama umeikaza ikiwa moto, ilegeze ukimaliza kazi, ikipoa inajikunja na inabana baa.

Oili nayo. Najua wengi wetu tunaweka ile chafu imetolewa kwa gari kwa sababu ni ya bure ama bei ya chini, hata mimi nilifanya hivo mwanzo. Ina unga wa chuma na uchafu unaoziba kale katundu ka oili, alafu inarukia uso na kumwagika kwa shamba la sukuma. Nunua oili ya cheni, ile inanata. Kujua kama inafika, elekeza pua kwa kipande cha katoni bila kugusa, washa sekunde chache, kukitokea mstari wa matone uko sawa. Katoni ikibaki kavu usikate, fungua usafishe mfereji wa baa na katundu. Ukiwa hapo geuza baa juu chini ili iliwe sawa pande zote.

Waya pia iko kwa hii hadithi, watu hawaioni. Pawa so ya wati 2000 kwa stima yetu ya volti 240 inavuta zaidi ya ampia 8. Sasa mtu anachukua ekstensheni nyembamba ya kuchaji simu, mita 25, tena nusu imekunjwa kwa gurudumu, ile waya inapata moto na stima inafika kwa mashine imechoka. Mota ikichoka unasukuma, ukisukuma inakwama, na tumerudi kulekule. Tumia waya ya milimita mraba 1.5, ukienda mbali chukua 2.5, ikunjue yote, iwe na RCD, ile swichi inayokata stima yenyewe ikivuja, ya miliampia 30, na ipite nyuma yako juu ya bega la kulia ili baa isiipate. Mvua ama nyasi zina umande hapana, na asubuhi za huku Mau kila kitu kina umande, mimi naanza saa nne. Mti ukiwa umegusa nyaya za stima usiuguse, piga 97771 Kenya Power waje.

Krismasi iliyopita nilienda kwa anko kule Malava, ana mikaratusi ya kutosha, nikamkuta ana kale kadogo ka betri ka inchi 6, ameshika tawi kwa mkono wa kushoto na mashine kwa wa kulia. Nikamwambia, "Anko, shikamoo, tafadhali zima kwanza." Akaniambia haka ni katoto, hakana nguvu ya kuumiza mtu. Lakini hizi ndogo nyingi hazina breki ya kinga kabisa, na baa ni fupi hivi kwamba pua iko karibu na mti kila saa, na mkono ulioshika tawi uko hapohapo inakoenda. Nikachukua rangi ya kucha ya binti yake, nyekundu, nikapaka kwa ubavu wa baa ile robo ya juu ya pua, saa sita mpaka saa tisa. Alafu tukafunga tawi kwa kamba kwenye kisiki ili mkono wa kushoto uje kwa mashine, tukamaliza lile rundo kabla ya chai.