Picha ya bati haikuonyeshi geji

Juzi tena, mgahawani karibu na Mnara wa Saa, kijana mwenye laptopu aliniuliza kuhusu programu yangu ya simu ya kuuza vifaa vya ujenzi vilivyotoka kwenye nyumba zinazobomolewa: "Kaka, si unaunganisha tu muuzaji na mnunuzi? Piga picha, weka bei, watu walipe kwa simu, kwisha." Chai ilinipalia.

Kuunganisha watu ni kazi ya dalali, na Arusha hatujawahi kupungukiwa madalali. Nyumba ikianza kubomolewa Njiro saa mbili asubuhi, ikifika saa nne dalali wa Mbauda ameshajua mlango wa mninga unakwenda kwa nani, na kama huyo mtu yuko kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, au ameshapaua. Kwa kasi simuwezi.

Anachoshindwa dalali ni kumweleza mali mtu asiyeiona. Mimi nilidhani picha itamaliza hilo. Fomu yangu ya kwanza ya wauzaji ilikuwa na picha, idadi na bei, basi. Mteja wa Pasua, Moshi, akaona mabati 40 ya futi kumi yanang'aa, akatuma Canter, kilomita kama 80. Yalipofika, fundi akainua moja juani, akachungulia. "Bosi, hili bati au chujio?" Papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, za nyumba ya zamani zilikuwa na nafasi yake, za nyumba mpya zina nafasi nyingine; ukipigilia upya, matundu ya zamani yanabaki yanakutazama. Bati la hivyo linafaa banda la kuku, kwa bei ya banda la kuku. Mafuta ya Canter nililipa mimi.

Sasa fomu inauliza geji, yaani namba ya unene wa bati. Huijui? Nenda duka la nafaka, pima uzito wa bati moja, maana geji 30 na 32 kwenye picha ni mapacha. (Na jamani, namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Kuna aliyenipandishia bei kwa kuwa 32 "ni kubwa" kuliko 28.) Inauliza nafasi kati ya safu za matundu, urefu ukishakata ncha zilizooza, na picha bati likiwa limeinuliwa juani. Wauzaji wanalalamika fomu ni ndefu. Ni ndefu kweli.

Mbao: pima kwa futi kamba, usiandike "mbili kwa nne" kwa mazoea, na ng'oa misumari kwanza. Nondo iliyopinda ikanyooshwa siitangazi kwa nguzo wala jamvi la zege. Mabati ya asbesto usinitumie kabisa. Yakivunjika vumbi lake linaharibu mapafu.

Kinachoninyima usingizi ni muda. Anayebomoa anataka kiwanja kiwe cheupe Jumamosi. Anayejenga atapaua akipata hela, pengine miezi minne mbele. Katikati hapo mali inalala wapi, na kwa gharama ya nani? Nimekodi uwanja mdogo Unga Limited, nikaweka turubai na mlinzi. Zipo siku nikipiga hesabu naona uwanja ule ndio soko lenyewe, na programu niliyoihangaikia usiku na mchana ni ubao wake wa matangazo. Milango inaondoka bila maneno. Ila hivi ninavyoandika, mabati 60 ya geji 28, yaliyopimwa na kupigwa picha juani, yako chini ya turubai, na aliyeyaulizia ni dalali wa Mbauda peke yake.