Oman ya bahari na Oman ya milima

Sisi watu wa pwani tukiitaja Oman, mara nyingi tunakusudia Maskati: Sayyid Said, majahazi, karafuu, majumba ya Mji Mkongwe. Hata wanafunzi wanaotembelea makumbusho huanzia hapo. Hiyo ni nusu tu ya habari. Hadi mwaka 1970 dola ile iliitwa rasmi Maskati na Oman, kwa kuwa pwani ilikuwa na mtawala wake na bara ya milimani ilikuwa na mambo yake.

Huko bara, nyuma ya milima ya Hajar, mvua ni haba na mito husubiri mafuriko. Watu wameishi kwa falaj, mfereji unaoyatoa maji chini ya ardhi kutoka kisima mama penye mwinuko, ukayashusha taratibu hadi mashambani bila pampu wala mnyama wa kuyavuta. Mifereji zaidi ya 3,000 ingali inatumika, na mwaka 2006 UNESCO iliingiza mitano katika Urithi wa Dunia, ukiwemo Falaj Daris wa Nizwa, mji wa bara uliokuwa makao ya maimamu.

Uchimbaji wake ni kazi ya kustaajabisha, lakini mimi hustaajabia zaidi mgao. Maji yakiingia kijijini hupita kwanza pa kuteka ya kunywa, kisha msikitini na pa kuogea, ndipo yafike kwenye mitende. Kila mwenye hisa ana zamu, na kwa karne nyingi zamu hiyo ilipimwa mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa kuchomoza kwa nyota. Hisa hurithiwa, huuzwa na hukodishwa; nyingine ni wakfu wa msikiti. Zipo zinazonadiwa ili fedha itumike kuufanyia mfereji ukarabati, na wakili wa falaj, yaani msimamizi wake, ndiye mwenye hesabu. Jamii iliyozoea kugawana maji hivyo haikuona ajabu kumchagua kiongozi: kwa mafundisho ya Kiibadhi, madhehebu ya Kiislamu ya Waomani wengi, imamu huteuliwa na wanazuoni na wakuu wa makabila, na akikiuka huweza kuondolewa.

Safari chache bahari na milima ziliungana. Maimamu wa ukoo wa Yaarubi, wenye asili ya bara, waliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na mwaka 1698 Ngome ya Yesu pale Mombasa ikaangukia mikononi mwa Waomani. Mmoja wao, Imamu Saif bin Sultan, anakumbukwa kwao kwa kuchimba na kufufua mifereji na kupanda mitende kwa wingi. Mali ya bahari ilirudi kuwa maji.

Sayyid Said bin Sultan, wa ukoo wa Busaidi, aliyetawala kuanzia 1806 hadi 1856, alielekeza macho kusini na kuhamishia makao yake Unguja. Waliomfuata, na hata waliomtangulia, hawakuwa mabaharia wa Maskati peke yao. Wengi walikuwa watu wa bara, kama Waharthi na Wabarwani kutoka Sharqiya, mashariki ya Oman, ambako ukame ukizidi kijiji kizima hukosa riziki. Walishuka na upepo wa kaskazi wakiwa na tende na samaki wakavu, na kusi ikawarudisha na pembe za ndovu, karafuu na boriti za mikoko. Na watumwa. Hilo halipaswi kutajwa kwa kunong'ona: mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na mitende ya pwani ya Batinah, yalitegemea jasho la watu waliotekwa bara la Afrika.

Said alipofariki baharini mwaka 1856, wanawe walivutana, na mwaka 1861 Waingereza wakaamua: Majid abaki na Zanzibar, Thuwaini na Maskati, na Zanzibar iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Kiasi hicho chenyewe kinaonyesha mali ilikuwa upande gani. Kisha meli za moshi zikaja kuchukua shehena za majahazi, na Maskati ikafifia. Mwaka 1920, kwa mapatano ya Seeb, Sultani wa Maskati alikubali kutoingilia mambo ya milimani, yaliyokuwa chini ya imamu.

Mapatano hayo yalivunjwa na harufu ya mafuta. Katikati ya miaka ya 1950 kampuni ya mafuta ilitaka kuchimba Fahud, huko huko bara, na Desemba 1955 Sultani Said bin Taimur akaingia Nizwa. Vita vya Jebel Akhdar vikafuata, ndege za Uingereza zikipiga mabomu milimani, hadi mwanzoni mwa 1959. Mafuta ya kutosha biashara yalipatikana mwaka 1964, na usafirishaji ukaanza 1967.

Hata hivyo, Qaboos, mwana wa Said bin Taimur, alipomwondoa baba yake Julai 1970 alikuta shule 3 na kama kilomita 10 za lami. Akawaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi. Miongoni mwao walikuwamo waliokimbia Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na wengine kutoka Kenya, Tanganyika na Burundi. Walikuwa wamesoma, nchi ilikuwa haina makarani, walimu wala wauguzi wa kutosha, kwa hiyo waliajiriwa haraka. Ndiyo sababu leo ukiingia ofisi ya Maskati huenda ukajibiwa kwa Kiswahili, pengine na mtu ambaye babu yake alitoka kijiji cha mlimani na si bandarini.

Oman si mwanachama wa OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, na mafuta yake, yapata mapipa milioni 1 kwa siku, ni kidogo mbele ya jirani zake Saudia na Falme za Kiarabu. Ndipo ikajenga bandari ya Duqm nje ya mlango wa Hormuz, njia nyembamba ya kuingilia Ghuba, ikauza gesi na kuvuta watalii. Juni 2025 ilitangaza jambo ambalo hakuna nchi nyingine ya Baraza la Ushirikiano la Ghuba iliyothubutu: kuanzia 2028, mwenye kipato cha zaidi ya rial 42,000 kwa mwaka atalipa kodi ya asilimia 5 kwa kinachozidi hapo.