Je, wajua kwa nini kompyuta yako ya nyumbani haikuitikii ukiwa mbali?

Ukiwa nyumbani, kompyuta yako inafika popote duniani kufumba na kufumbua. Toka nje, kaa mahali pengine, kisha jaribu kuifikia yenyewe: kimya. Intaneti ni ile ile. Inakuwaje yenyewe itoke, wewe ushindwe kuingia?

Mwenye jibu ni ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani. Anwani za IP, yaani namba za kutambulisha vifaa mtandaoni, za toleo la 4 ni kama bilioni 4.3 tu, hazitoshi kila kifaa kipewe yake. Ndiyo maana kuna anwani zilizotengwa kwa matumizi ya ndani, kama zile zinazoanza na 192.168, na kila nyumba huzitumia bila kumwomba mtu ruhusa. Kwenye Windows fungua Command Prompt uandike ipconfig, utaiona ya kwako. Tuseme ni 192.168.1.14. Zipo kompyuta chungu nzima duniani zenye namba hiyo hiyo sasa hivi. Kuitafuta kwa namba hiyo ukiwa nje ni sawa na kuambiwa "niko chumba cha tatu" bila kutajiwa nyumba.

Kompyuta ikituma ombi nje, ruta huandika kwenye daftari lake: fulani ameuliza kitu kwa seva fulani. Jibu likirudi, linapelekwa kwa mwenyewe. Ombi lililoanzia nje halimo daftarini, kwa hiyo ruta hulitupa. Haina ubaya na wewe; haijui tu umemjia nani.

Dawa ya zamani ni kuiagiza ruta: yeyote atakayebisha poti 3389 (poti ni kama mlango wenye namba), mpeleke kwa 192.168.1.14. Hiyo ndiyo poti ya RDP, mfumo wa Microsoft wa kutumia kompyuta ukiwa mbali. Inafanya kazi, ila mimi simshauri mtu. Poti hiyo ikiwa wazi kwa dunia nzima, haichukui muda mrefu roboti za wadukuzi zikaanza kujaribu manenosiri. Na si manenosiri tu: mwaka 2019 iligunduliwa kasoro iliyoitwa BlueKeep, iliyomwezesha mdukuzi kuingia kwenye Windows za zamani bila nenosiri lolote. Uzito wake ulikuwa mkubwa hata Microsoft wakatoa kiraka (sasisho la kuziba kasoro) cha Windows XP, mfumo waliokwisha kuacha kuuhudumia tangu 2014. Tena huenda hata ukifungua poti usifike, kwa sababu watoa huduma wengi wa intaneti nao wana ruta yao juu ya yako. Ukiona anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ruta yako inaanzia 100.64 hadi 100.127, usijisumbue.

Njia iliyo bora inageuza mambo: kompyuta ya nyumbani ndiyo inayotangulia kupiga simu. Programu kama Chrome Remote Desktop, AnyDesk na RustDesk huiacha kompyuta ikiwa na mawasiliano ya kudumu na seva iliyo nje. Nawe ulipo unaunganika na seva hiyo hiyo, inawakutanisha, na mara nyingi baada ya hapo mnazungumza moja kwa moja. Kumbuka tu kwamba akaunti yako sasa ndiyo ufunguo wa nyumba, basi iwekee uthibitisho wa hatua mbili. Mimi napenda zaidi VPN, yaani njia ya siri inayokuunganisha na mtandao wa nyumbani kupitia intaneti, kwa mfano WireGuard au Tailscale, halafu RDP ipite humo ndani. Lakini Windows toleo la Home haikubali kupokea RDP, inapokea toleo la Pro. Mwenye Home atumie zile programu za kwanza.

Kisha kuna uzito: mausi na maandishi huchelewa. Ukibonyeza herufi "a", herufi hiyo inasafiri hadi nyumbani, inaandikwa kule, halafu kipande cha skrini kilichobadilika ndicho kinachorudishwa kwako. Safari nzima ikichukua milisekunde 200, kila herufi itachelewa hivyo hivyo hata kama kasi ya intaneti yako ni kubwa. Kuandika barua kunavumilika. Video ni mateso, maana kila nukta ya skrini inabadilika wakati wote.

Lakini kilichowahi kuniangusha mimi si hayo yote. Nilipanga kila kitu, nikasafiri, na kompyuta ikalala baada ya nusu saa. Ipo pakiti ya kuiamsha, yaani ujumbe mfupi wa mtandao wenye anwani ya MAC ya kompyuta (namba ya kadi yake ya mtandao). Tatizo, kwa kawaida pakiti hiyo lazima itumwe na kifaa kilichomo mtandao ule ule wa nyumbani, nami nilikuwa mbali nao. Siku hizi nazima usingizi kabisa, skrini pekee ndiyo inayozimika. Vilevile kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla Windows haijawaka, nimechagua kompyuta ijiwashe umeme ukirudi.

Na usiende popote kabla ya kujaribu. Wengi hujaribu kwa simu iliyounganishwa na Wi-Fi ya nyumbani, wanafurahi, kumbe walikuwa ndani muda wote. Zima Wi-Fi ya simu, washa data, kisha ingia.