Handikapu: uzito anaotwishwa farasi kwa uhodari wake

Anayesoma kwa mara ya kwanza matokeo ya Melbourne Cup, zile mbio za mita 3,200 zinazokimbiwa Australia kila Jumanne ya kwanza ya Novemba, hukuta kando ya jina la kila farasi tarakimu kama 51, 54 au 58. Hizo ni kilo alizobeba mgongoni. Ukiziruka, umesoma nusu ya habari.

Melbourne Cup ni handikapu, yaani mbio ambazo farasi hawabebi uzito sawa. Aliyekwisha kuonyesha uhodari huongezewa, dhaifu hupunguziwa, ili kwa hesabu wote waweze kufika mstarini bega kwa bega. Wacheza gofu wanalijua neno hili, ila kwao mchezaji hafifu ndiye anayepewa nafuu ya mikwaju. Huku, hodari ndiye anayetwishwa.

Neno lenyewe, kutoka Kiingereza hand in cap (mkono ndani ya kofia), lilianzia kwenye mchezo wa zamani wa Kiingereza wa kubadilishana mali. Wawili walipotaka kubadilishana vitu visivyolingana thamani, msuluhishi alikisia mwenye kitu duni aongeze kiasi gani juu yake. Kisha kila mmoja aliingiza mkono ndani ya kofia na kuutoa, kuonyesha kama amekubali au amekataa. Kazi ya yule msuluhishi ndiyo iliyohamia kwenye farasi.

Siku hizi msuluhishi ni ofisa wa chombo kinachosimamia mbio. Huwatazama farasi wakikimbia na kumpa kila mmoja alama. Uingereza, alama moja ni sawa na ratili moja, kama kilo 0.45. Kwa hiyo farasi wa alama 90 akikutana na wa alama 80, atabeba kilo 4.5 zaidi. Kwa mnyama wa kilo 500 hivi, mzigo huo waonekana si kitu, lakini mbio nyingi huamuliwa kwa urefu wa pua, na kila kilo huhesabika mita za mwisho, pumzi inapokata.

Mpanda farasi hupimwa kwenye mizani pamoja na tandiko lake. Akipungua, hutiwa vipande vya madini ya risasi kwenye mifuko ya kitambaa kinachokaa chini ya tandiko. Baada ya mbio hupimwa tena, na akionekana pungufu anaweza kupokonywa ushindi.

Si mbio zote ziko hivi. Kwenye Derby ya Epsom, Uingereza, farasi wote wana umri wa miaka mitatu, madume hubeba uzito mmoja na majike hupunguziwa kidogo. Lengo la Derby ni kumjua aliye bora. Handikapu huuliza swali jingine: bora kwa kiasi gani? Ndiyo maana doa lake kubwa ni udanganyifu. Mfunzaji asiye mwaminifu humzuia farasi wake makusudi asishinde, alama zishuke, apate mzigo mwepesi siku ya fedha nyingi. Huo ni wizi kwa kila aliyekimbiza farasi wake kwa haki, na wasimamizi wana sababu ya kuuadhibu vikali.

Tena mizani inaweza kumlemea hata farasi mkuu. Phar Lap alishinda Melbourne Cup mwaka 1930 akiwa na kilo 62.5. Mwaka uliofuata akatwishwa 68, akamaliza wa nane. Mshindi, White Nose, alibeba kilo 43.5. Anayesema Phar Lap alishindwa na farasi bora siku ile hajaitazama safu ya uzito. Kwangu mimi, nafasi ile ya nane inaeleza ukubwa wake kuliko ushindi wake mwingi.

Kwa hiyo mchambuzi akisema farasi fulani ndiye mwenye uzito wa juu kuliko wote, anamsifu, na papo hapo anakuonya kwamba kazi yake itakuwa ngumu. Mtazame Makybe Diva, farasi jike. Mwaka 2003 alishinda Melbourne Cup na kilo 51. Mwaka 2004 wakampa 55.5, akashinda. Mwaka 2005 wakampa 58, akashinda tena, jambo ambalo hakuna farasi mwingine amewahi kulifanya mara tatu. Akastaafishwa siku ileile.