Uwanja wa ndege wa pamoja: raia na jeshi kwenye lami moja

Uwanja wa pamoja ni ule ambao ndege za abiria na za jeshi hutumia njia moja ya kurukia kwa makubaliano ya kudumu. Ndege ya jeshi kutua siku mojamoja kwenye uwanja wa kiraia hakuufanyi uwe wa pamoja. Abiria wana jengo lao, wanajeshi wana hangari zao, na katikati kuna uzio na geti lenye mlinzi. Ni kama nyumba mbili zenye kisima kimoja: kila mtu na jiko lake, lakini lazima ijulikane kisima ni cha nani.

Kwenye uwanja wa Lajes, ulio kisiwa cha Terceira katika visiwa vya Azores vya Ureno, mwenye kisima ni jeshi. Mahali penyewe ni Kambi ya Anga Namba 4 ya Ureno, na waongozaji wa ndege mnarani ni wanajeshi. Rubani anayeleta watalii na barua kutoka kisiwa jirani huomba ruhusa ya kutua kwa askari. Marekani nayo ina kikosi chake hapo, kwa mkataba na Ureno.

Mpango huu hupatikana sana visiwani kwa sababu ardhi tambarare ni haba, na kujenga viwanja viwili kwa watu wachache ni gharama isiyo na maana. Halafu kuna ramani. Azores iko katikati ya Atlantiki, kati ya Ulaya na Amerika. Mwaka 1943 Uingereza ilipotaka mahali pa kuwindia nyambizi za Ujerumani, iliikumbusha Ureno, ambayo haikuwa upande wowote vitani, mkataba wao wa urafiki wa mwaka 1373. Karatasi yenye umri wa karibu karne sita ikafungua mlango!

Ndiyo maana kisiwa chenye watu wasiofika 60,000 kina njia ya kurukia ya mita 3,300 hivi, ambayo safari za kawaida za visiwani wala haziihitaji. Urefu huo ulikuja kuwafaa raia alfajiri ya tarehe 24 Agosti 2001. Ndege ya Air Transat, Airbus A330 kutoka Toronto kwenda Lisbon, iliishiwa mafuta juu ya bahari kwa sababu ya uvujaji, injini zote mbili zikazimika. Ilielea kama dakika 19 bila injini, ikatua Lajes huku matairi yakipasuka. Watu wote 306 walinusurika.

Lakini anayeishi karibu na kambi huishi pia kwa bajeti ya kambi. Mwaka 2015 Marekani ilipotangaza kupunguza watu wake Lajes, pigo liliwafikia hata Wareno walioajiriwa ndani ya uzio, wengi wao wakiishi Praia da Vitória, mji ulio jirani. Njia ya kurukia ilibaki na urefu wake uleule.