Kuitoa seva kwenye klasi hakufuti kilichowekwa

"Hiyo tumeshaitoa kwenye klasi ya wavuti, iko safi." Wateja wananiambia hivi mara nyingi mno kuhusu seva zao, zinazosanidiwa kwa zana za kiotomatiki kama CFEngine, Puppet na Ansible. Ninapoingia kwenye seva yenyewe nakuta Nginx, programu ya kuhudumia wavuti, bado inafanya kazi, poti 80 na 443 ziko wazi, na akaunti ya mtu aliyehama idara ingali na funguo zake za SSH, za kuingilia seva kwa mbali.

Katika CFEngine, klasi ni sharti tu linaloamua maagizo yapi yaihusu seva: ipo au haipo. Programu yake iliyo kwenye seva, cf-agent, huamka kwa kawaida kila dakika 5, hutambua klasi zinazoihusu mashine ile, kisha hutekeleza ahadi (maelezo ya hali inayotakiwa) zilizofungwa kwenye klasi hizo. Klasi isipokuwepo, ahadi zake hurukwa, na kuruka si kutengua. Puppet nayo, rasilimali (kama faili au akaunti) ikiondoka kwenye katalogi, yaani orodha ya yanayotakiwa kwenye seva, kwa kawaida huiacha kama ilivyo. Ansible haiigusi kabisa seva ambayo haimo kwenye kundi lililotajwa.

Kwa hiyo umeifanya hali kuwa mbaya zaidi. Jana programu ile ilikuwa na sera inayoilinda. Leo ipo palepale, ila hakuna anayerekebisha mipangilio yake ikiharibika wala kuhakikisha imesasishwa. Inakera kwa sababu kinga yake ni rahisi: andika hali unayoitaka. Iweke seva kwenye klasi ya zilizostaafu, na humo utamke kwamba pakeji ya programu isiwepo, akaunti isiwepo, poti ifungwe. Puppet inakupa ensure => absent, Ansible state: absent. Usiondoe klasi hiyo mpaka uwe umehakiki kwenye seva yenyewe kwamba vyote vimeondoka.

Na tafadhali, msiandike !wavuti, yaani "si wavuti", mkidhani ndiyo njia ya mkato. Sharti hilo linazikamata seva zote zisizo za wavuti, pamoja na ile inayotumia Nginx kugawa mzigo. Mimi, seva ikibadilishiwa kazi, napendelea kuifuta na kuijenga upya, na hivyo ndivyo ninavyomshauri kila anayeniuliza.

Wapo pia wanaoshikilia kwamba kila seva iwe na klasi moja. Ya nini? Mashine moja huwa linux, debian na Monday kwa wakati mmoja, na CFEngine huyagundua hayo bila kuambiwa. Unganisha kwa nukta kumaanisha "na", kwa | kumaanisha "au". Anayekataa huishia na majina kama wavuti_debian_majaribio, na kila sifa mpya inamzidishia orodha.

Klasi ya Puppet si kundi la seva. Ni fungu la msimbo lenye jina. Seva zitakazolipokea huchaguliwa kwingine.

Jina la seva nalo ni msingi dhaifu wa kupanga klasi, kwa sababu majina hubadilika. Isitoshe, CFEngine hugeuza kistari kuwa mstari wa chini, hivyo web-01 huwa klasi ya web_01.

La mwisho ni la Ansible: eti seva ikiwa kwenye makundi yenye thamani zinazogongana, kundi lililoandikwa chini zaidi kwenye inventori (orodha ya seva) ndilo linaloshinda. Si kweli. Kundi la mtoto hulishinda la mzazi. Yaliyo ngazi moja huunganishwa kwa alfabeti na la mwisho hushinda, isipokuwa umeweka ansible_group_priority. Endesha ansible-inventory --host pamoja na jina la seva, uone thamani zilizoifikia kabla hujaanza kubishana na mwenzako.